Griffith tumsome ufundi tu na ubaguzi wake tuuache? Mimi nakataa, tujadili

Wadau wa Mtwara na Lindi, kuna kaka yetu anafundisha vijana kushuti muvi hapa Mtwara mjini, kasema D.W. Griffith, yule direkta Mzungu wa Marekani wa enzi za muvi za kimya, tumsome kwa ufundi tu, ubaguzi wake tuachane nao, mwenyewe keshakufa tangu 1948 na kazi ni kazi. Kaka namheshimu sana ila hapa nampinga.

Chukueni muvi yake The Birth of a Nation ya 1915, ya kimya, inapita masaa matatu. Kinachosifiwa ni kile kipande cha mwishoni, watu wamezingirwa kwenye kibanda, askari weusi wanavunja mlango, mara unaonyeshwa Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi lililokuwa likiua weusi, wanakuja na farasi, unarudishwa kibandani, tena farasi, tena kibandani, mpaka moyo unaenda mbio na unajikuta unaomba wafike. Sasa unaomba nani afike? Wauaji! Na wale weusi "wabaya" wakubwa wa kwenye muvi ni Wazungu waliopakwa rangi usoni. Sasa huo ufundi utautenganishaje na ubaguzi wakati ndio unaokufanya uwashangilie?

Na haikuishia ukumbini, mwaka huohuo William Simmons akaifufua Klan kule Georgia na baadae muvi ikawa inatumika kuvutia wanachama. Msiniambie enzi zile watu hawakujua, NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, waliipinga tangu inatoka, na 1920 Oscar Micheaux, direkta mweusi, akatoa Within Our Gates inayoonyesha weusi wakinyongwa na kundi la Wazungu. Huyu mbona kwenye mafunzo hatajwi?

Sisemi ifungiwe. Chama cha madirekta wa Marekani 1999 kiliondoa jina la Griffith kwenye tuzo yake na bado muvi inafundishwa mpaka leo. Vijana wetu wanaoshuti kwa simu kule Mikindani waione, ila mwalimu asimamishe, aulize nani kafanywa mnyama hapa na kwa shoti gani. Sisi watu wa kusini hili linatuhusu jamani, komedi ngapi Mmakonde ni mlinzi wa getini tu, anachekwa lafudhi, na waliotengeneza tunawasifia eti wanajua kuchekesha?

Kaka, kile kipande cha farasi utawaonyesha vijana bila kuwaambia waliopanda ni kina nani?