Binti mkimbiaji aliyesoma elimu huria anaweza kuomba vyuo vikubwa vya Marekani?

Mzazi, Mafinga: Shikamooni wakubwa, nanyi wenzangu habari zenu. Binti yangu anakimbia mita 1500. Aliacha shule ya kawaida, akasoma katika kituo cha elimu huria, akafaulu Mtihani wa Maarifa (QT, unaomruhusu aliye nje ya shule kufanya mtihani wa kidato cha nne), na sasa amemaliza kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Je, vyuo hivyo vitampokea, na mbio zitamlipia ada?

Mwalimu wa riadha, Iringa: Marahaba, mama. Matokeo yake yanatoka NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kama ya wenzake, hivyo mlango haujafungwa. Kuhusu ada, vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikuu maarufu vya Marekani, havitoi ufadhili wa michezo; hutoa msaada kwa kuangalia uwezo wa familia, na Harvard, Yale na Princeton havimkatai mwombaji wa kigeni kwa sababu hana fedha. Kocha anaweza kumpigia debe, ila uamuzi ni wa ofisi ya udahili. Mratibu wa kituo aandike kwa kina masomo yalivyofundishwa, kwani msomaji wa huko hakijui kituo hicho.

Mkimbiaji wa zamani, Mbeya: Naongezea jambo ambalo wengi hulipuuza. Muda uliopimwa kwa saa ya mkononi kwenye uwanja wa nyasi hauna uzito; atume karatasi ya matokeo ya mashindano rasmi, na ataje mwinuko wa uwanja, maana Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na mbio ndefu huku huwa za polepole zaidi. Ajisajili pia NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mapema, kwani masomo yake yatakaguliwa huko.

Mzazi, Mafinga: Asanteni sana. Jumatatu nitamwona mratibu.