Ukoo wa Kibosho: Njia ya Hija ya Shangazi

Neema: Shikamoo Shangazi, shikamoo Mama Mdogo. Baada ya kuzilinganisha njia za hija za Italia kwa wiki nzima, napendekeza Via Francigena, njia ya kale ya mahujaji wa Roma, ambayo Askofu Mkuu Sigeric wa Canterbury, Uingereza, aliorodhesha vituo vyake 79 alipokuwa akirejea kutoka Roma mwaka 990. Tutaanzia Viterbo, kwa kuwa kutoka hapo hadi kaburi la Mtume Petro ni takriban kilomita 100, na huo ndio mwendo wa chini kabisa kwa hujaji wa miguu anayetaka kupewa cheti cha Testimonium.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Roma naitamani, lakini mimi ni wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, yaani walei tunaofuata maisha yake, na kila Desemba ndiye ninayetengeneza pango la Noeli pale parokiani. Nikijaliwa, ningependa kupiga magoti Greccio, mahali Fransisko alipoandaa pango lake usiku wa Noeli mwaka 1223.

Deo: Shikamoo Shangazi. Njia ya Fransisko inayotoka La Verna, alikopokea madonda matakatifu, yaani alama za majeraha ya Kristo mwilini mwake, mwaka 1224, ikapita Assisi na Rieti hadi Roma, ni milima ya Apenini siku baada ya siku. Naliogopea goti lako, hasa kwenye miteremko.

Neema: Basi tusianzie La Verna. Katika Bonde la Rieti kuna njia ya mzunguko ya kilomita 80 hivi, inayounganisha Greccio, La Foresta, Poggio Bustone na Fonte Colombo, mahali Fransisko alipoiandika Kanuni ya utawa wake iliyothibitishwa na Papa Honorio III mwaka huohuo wa 1223. Tunaweza kutembea vipande vyepesi, na Poggio Bustone, iliyo juu mlimani, tukapanda kwa gari. Ila Shangazi, lazima nikueleze wazi kwamba kwa namna hiyo cheti hutakipata.

Shangazi: Cheti hakinisumbui hata kidogo. Ninachoomba ni kuingia Greccio kwa miguu yangu mwenyewe, hata kama nitatembea saa moja tu ya mwisho, kisha Roma twende kwa treni.

Mama Mdogo: Nami naafiki. Twende mwezi wa Mei, kabla ya joto kali, na Neema atuagizie hati za hujaji ili tugongewe mihuri njiani.

Shangazi: Deo, kesho baada ya Misa ya kwanza nipitie. Tutarudi nyumbani kwa miguu.