Vitabu vya picha vya kumzoesha mtoto kuishi na vitu vichache: mnatumia vipi?

Mama Aisha, Busia (upande wa Uganda)

Habari zenu ndugu. Nina watoto wawili, mmoja P.1 (darasa la kwanza) na mwingine P.3. Likizo walikwenda kwa shangazi yao Kampala, wakarudi na orodha: tableti, baiskeli, viatu vinavyowaka taa. Sikatai mtoto kutamani. Lakini mpira wa majani makavu ya mgomba aliowafungia babu yao sasa wanauita takataka, na hilo limeniuma. Nikianza "sisi zamani zetu", mdogo anapiga miayo. Usiku wakisomewa wanatulia, ndiyo nikafikiria vitabu vya picha. Vitabu gani, na mnavisoma vipi? Kiswahili na Kiingereza vyote nasoma, Kisamia nitawasimulia mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Arua

Mama Aisha, salama? Nimefundisha madarasa ya chini tangu ujana (Kiswahili nilikiokota kambini, baba alikuwa askari). Siku hizi naweka boksi la vitabu barazani na watoto wa jirani wanakuja jioni.

Kagua picha kabla ya maneno. Vitabu vingi vya nje vinavyomchora mtoto wa kwetu vinamchora akihurumiwa: nyumba ya nyasi, nguo imechanika, halafu msaada unafika. Mtoto anayelala kwenye nyumba kama hiyo akikifunga kitabu hajajifunza kuridhika, amejua tu kwamba kwao ni kwa kuonewa huruma. Chukua Beatrice's Goat, kilichotoka 2001. Familia ya msichana wa magharibi mwa Uganda inapewa mbuzi, na kwa mbuzi huyo binti anapata kusoma. Kisa ni cha kweli, na mimi nakipenda. Lakini hicho ni kitabu cha kutoka kwenye umaskini. Kisome kwa ajili hiyo, si kwa kazi unayoitaka wewe.

Vile vya tajiri anayegawa vitu vyake ili apumue, viache kabisa. Niliwahi kusoma kimoja, swali la kwanza likawa: "Amevigawia wapi, tukachukue?"

Kinachonifaa ni Galimoto cha Karen Lynn Williams, michoro ya Catherine Stock, cha 1990. Kondi, mvulana wa Malawi, anazunguka kijijini kutafuta vipande vya waya atengeneze gari. Hakuna ukurasa unaosema "ridhika". Nikifika kwenye picha ya waya nafunika maandishi kwa kiganja na kunyamaza. Jioni moja kijana alisogeza pua mpaka kwenye karatasi, akasema magurudumu hayo hayawezi kuzunguka vizuri, yeye angekata ya kandambili. Wenzake wakambishia. Kesho yake wakaja na waya, kandambili kuukuu zisizo jozi, na ubishi uleule. Barazani hapakukalika.

Dereva wa Malaba

Mwalimu, hicho Busia atakiona wapi? Mimi nawasomea wangu African Storybook, maktaba ya hadithi za watoto mtandaoni, kwenye simu. Ni bure, ipo tangu 2014, na Uganda ni kati ya nchi ilikoanzia, pamoja na Kenya na Afrika Kusini. Kuna Kiswahili, Luganda, Lugbara na nyingine kibao. Leseni yake inakuruhusu kuchapisha, kutafsiri, hata kubadilisha hadithi. Ubora haulingani, nyingine michoro yake ni ya haraka haraka, chagua. Lakini utakuta kuku, soko, mvua, shamba, na watu wanaishi tu bila kuonewa huruma. Pakua ukiwa na bando, msome baadaye.

Bibi wa Bombo

Simu tena, mwanangu? Na watoto wake wanalilia tableti!

Mama Aisha, kitabu unacho nyumbani. Mkalishe babu afunge mpira upya, wewe piga picha kila hatua: anavyochambua majani, anavyosokota kamba, anavyokaza fundo kwa meno kama bado anayo. Toa kopi nyeusi na nyeupe, watoto wapake rangi na waandike maneno wao. Nakala moja mtumie shangazi wa Kampala, naye asome.

Mama Aisha, Busia

Bibi umenichekesha, meno anayo. Amekubali, ila anataka kwanza akanyoe ndevu. Mwalimu, na wakikataa kusoma? Na kitabu chenyewe nakifungaje, mtu wa kopi ana stepla ndogo tu.

Mwalimu Mstaafu, Arua

Wakikataa, kiache mezani uendelee na kazi zako. Ila usije ukakitoa siku wanapoomba kitu. Mtoto akitaka viatu, mwambie hela hakuna, au zipo lakini ni za ada. Ukimjibu kwa hadithi atanusa ujanja, na kila kitabu baada ya hapo atakiona ni "hapana" iliyovaa nguo.

Kufunga ni rahisi. Kunja karatasi za A4 katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano ya gunia, pitisha uzi wa nailoni, fundo libaki ndani. Jalada kata kwenye boksi la sabuni, upande wenye maandishi ugeuzie ndani. Ukurasa wa mwisho uache mtupu, wana mambo yao ya kuchora.