Nataka kufunga bresi ukubwani ila mwanya wangu usizibwe, waliopitia nisaidieni

mjukuu_wa_bi_kirembo
Wakuu habari za jioni. Mwenzenu nina miaka 29, meno ya juu yamepandana, chonge la kulia limepanda huko juu kama linataka kuhama, ya chini yamebanana hadi mswaki haupiti. Wiki iliyopita nikajikaza nikaenda kliniki hapa Dar, wakanipiga eksirei ile mashine inayokuzunguka kichwa, wakanijaza uji mzito mdomoni kuchukua umbo la meno (nilitaka kutapika jamani), afu daktari anasema bila hata kupepesa ning'olewe meno manne MAZIMA ndo nifungwe waya, kama miaka 2 hivi. Nimetoka pale nikapanda daladala ya kwenda kusiko kwetu. Inauma kiasi gani? Kwa umri huu si nimechelewa? Na msinicheke, mbele nina mwanya nimerithi kwa bibi, huo sitaki uguswe, inawezekana?

bwana_magego
Linda huo mwanya dada, wengine tulioa kwa sababu ya mwanya. Mengine hayo sijui.

waya_miezi_26
Nilifunga nikiwa na 33 so hujachelewa. Maumivu watu wanayakuza sana. Siku ya kufungwa yenyewe haiumi, unakaa tu mdomo wazi lisaa lizima mate yanakutoka kama mtoto, kazi inaanza jioni. Mimi nilifika home nikapakua wali maharage kwa raha zangu, kutafuna tu maharage, MAHARAGE, nikahisi meno yote yanataka kung'oka kwa pamoja. Siku tatu nne ni uji, mtori, viazi vya kuponda na panadol, wiki ikiisha unasahau kama una vyuma. Kinachokera zaidi ni mashavu kuchubuka kwa ndani, watakupa nta, usiidharau, unakata kipande kama punje ya mchele unabandika kwenye kibati (kale kachuma kanakogundishwa kwenye jino kushika waya) kinachokukwaruza. Kuna siku niko kwenye basi Morogoro waya wa nyuma ukachomoka ukawa unanichoma shavu, nikausukuma ndani na ufutio wa penseli ya mtoto wa jirani yangu wa siti, mama yake ananiangalia tu 😂

Afu vile vipira vya rangi vya kubana waya kwenye vibati usichague vyeupe wala visivyo na rangi. Nilivaa vyeupe Ijumaa, Jumapili nikala biriani shughulini, Jumatatu ofisini wote wananiuliza mbona meno yamekuwa ya njano. Ni manjano ya kwenye biriani hiyo, haitoki hadi wakubadilishie.

dawati_la_meno
Nafanya kazi kliniki ya meno miaka sasa ila mimi sio daktari wako, chukua kama maongezi. Hayo manne kwa kawaida ni yale madogo ya nyuma ya chonge. Hawang'oi kwa kupenda, ni kwamba taya halina nafasi, na meno hayawezi kupangwa kwenye nafasi ambayo haipo. Sio kila mtu anang'olewa lakini, so una haki ya kumwambia akuonyeshe kwenye picha kwa nini wewe, na ukitaka nenda kwa bingwa wa pili na eksirei zako mkononi.

Miaka 2 sio kukuvuta hela. Waya unalisukuma jino, mfupa wa upande linakoelekea unaliwa taratibu na upande linakotoka unajengeka mpya, nafasi ya jino lililong'olewa inafunga kama milimita 1 kwa mwezi. Ndo maana unaenda kukazwa kila wiki 4 hadi 8. Ukiona meno yanacheza kidogo usipige kelele usiku, ni kawaida, yanatembea.

Kinachotuumiza sisi ni mswaki. Mtu anavaa miaka miwili hasugui vizuri pembeni ya vibati, siku ya kuvitoa meno yamenyooka ila kila jino lina alama nyeupe ya mraba, na hiyo haifutiki kirahisi. Nunua na vile vimswaki vidogo vya kupita chini ya waya.

Mwanya: sema KABLA. Bila kusema daktari atauziba, kwake ni kasoro. Ukisema anaupanga ubaki. Na ole wako usikie habari za kuvuta meno kwa rababendi nyumbani, kale kampira kanateleza kanazama kwenye ufizi hadi kwenye mzizi, jino zima kabisa linapotea hivi hivi.

kijana_wa_usa_river
Naongezea swali. Sisi wa huku Arusha meno ya kahawia ya maji ya floraidi, bresi zinasaidia?

dawati_la_meno
Hapana mkuu, bresi zinapanga tu, rangi ni habari nyingine inafanywa baadaye. Ila mwambie daktari mapema, kwenye meno ya floraidi vibati wakati mwingine vinashika kwa shida, vinabanduka banduka.

pwani_moja
Mie wa Mombasa. Wote mwasema waya, hakuna asema riteina, kile kifaa cha kuvaa vyuma vikishatoka ili meno yasirudi! Nilitolewa vyuma nikapewa ile ya plastiki nivae, nikaenda harusini, nikaivua nile, nikaifunga kwenye tishu kando ya sahani. Yule msichana wa kukusanya vyombo akapita. Basi. Nikaona haya kurudi daktari, nikasema meno si yashanyooka, miezi mitano baadaye ya chini yapandana tena kama zamani. Twasema meno yana kumbukumbu, wallahi ni kweli. Usiku uivae miaka na miaka, na ukila itie kwenye kopo lake, si tishu.

mjukuu_wa_bi_kirembo
Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Nimempigia daktari, kasema mwanya unabaki, ila waya mwembamba utagundishwa nyuma ya meno ya mbele nikimaliza ili usiongezeke. Hela tumekubaliana kianzio afu nalipa kidogo kidogo kila nikienda kukazwa, maana bima yangu imeniambia hayo ni mambo ya urembo. Jumamosi nang'olewa mawili ya upande wa kulia kwanza. So kesho nikitoka kazini ni muwa na mahindi ya kuchoma, atakayenipigia simu saa hizo asubiri.