Nina milioni 3 na nusu, nitoke Canon 700D niende kamera gani kwa harusi za usiku? Nipo Mtwara

Mkorosho_Mpya
Wakuu habari za humu. Nipo Mtwara mjini, napiga picha za harusi, send-off, kitchen party, mahafali, hata msiba nikiitwa naenda. Natumia Canon 700D na ile lenzi yake ya 18-55 iliyokuja nayo, halafu nina 50mm f/1.8. Mchana nje sina shida na mtu, kazi zinapendwa kabisa, shida ni usiku ukumbini. MC akishasema tu "zimeni taa maharusi wanaingia" mimi presha inapanda, kamera inatafuta fokasi inaenda inarudi inaenda inarudi, nikipandisha ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) mpaka 6400 picha zinajaa chenga, uso wa bibi harusi unakuwa kama umemwagiwa mchanga, halafu mteja anataka picha kubwa ya kutundika sebuleni.

Sasa minada ya korosho inaanza mwezi wa kumi, na mnaojua huku kwetu mnajua, hela za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) zikishaingia ni ndoa juu ya ndoa, Tandahimba, Newala, Masasi, jumamosi moja unaitwa sehemu mbili. Nimejichanga nina 3.5M. Kuna jamaa Dar ananiuzia Sony A7 III bodi tupu, yaani bila lenzi, anasema nikimpa hela yote ananiongezea na betri moja. Wengine wananiambia chukua Nikon D750, wengine Canon 6D. Nishike lipi? Matusi pembeni tafadhali.

Sony_Damudamu
A7 III mkuu, usijiulize mara mbili. Imetoka 2018 lakini mpaka leo inafanya kazi, pointi za fokasi 693, ikishashika jicho la mtu haliachii hata akiserebuka, sloti mbili za kadi, betri zile NP-FZ100 zinakaa sana, na wakitaka video unawapa 4K humohumo. DSLR, hizo za kioo ndani kama 700D yako, peleka makumbusho. Uza hiyo 700D utafute lenzi.

Babu_wa_Lenzi
Bodi tupu ya milioni tatu na nusu utapigia nini, kifuniko? Halafu auze 700D apate ngapi siku hizi? Kamera ya 2013, hela utakayopewa hainunui lenzi ya maana ya Sony, na jumamosi ile bodi mpya ikigoma huna hata ya kuazima. Sony A7 III ni kamera nzuri, hilo sibishi, nabishana na hesabu.

Mleta mada nipo Lindi, kumbi zako na zangu ni zilezile, nikuambie shida yako ilipo. Hiyo 18-55 ukiizumu mpaka mwisho inafungua f/5.6 tu, na namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu la mwanga linakuwa kubwa. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya hapo, maana yake ulipokuwa unapiga ISO 6400 unashuka mpaka 1600 bila kugusa kitu kingine. Hiyo 50mm yako ikiwa f/1.8 ni karibu mara kumi, ila sensa ya 700D ni ndogo kwa hiyo 50mm inakuwa kama 80mm, ndo maana ukumbi ukijaa unarudi nyuma nyuma mpaka unakanyaga sufuria za wapishi. Kwa hiyo cha kwanza kutoa hela ni lenzi ya 24-70 f/2.8. Ya Canon yenyewe L, yale madaraja ya juu, ni bei mbaya, lakini Tamron ile ya 2012 yenye VC (kizuia mtikisiko) ukiipata iliyotumika ni chuma kabisa, na inavaa kwenye 700D na kwenye fulu fremu (kamera ya sensa kubwa) ya Canon yoyote yenye mdomo wa lenzi wa EF. Ila ile 18-55 kwenye 6D au 5D haiingii kabisa, ni EF-S, ya kamera za sensa ndogo, lijue hilo mapema usije ukashangaa.

Cha pili mbona sijakusikia ukitaja flashi? Unapigaje harusi ya usiku bila flashi ya nje? Ile ya kwenye kamera isahau, inapiga mtu usoni anang'aa paji la uso, nyuma giza, kivuli ukutani. Chukua Godox TT685 ya Canon, kama hela inaruhusu chukua mbili. Dari ikiwa nyeupe na haiko juu sana unaidundisha darini, mwanga unarudi laini, watu wanatoka na rangi zao. Sasa kumbi zetu ndo mtihani wenyewe, nyingine ni bati tupu liko juu huko, nyingine mpambaji kashusha vitambaa vya zambarau na pinki kuanzia darini mpaka chini, ukidundisha pale bibi harusi anatoka na uso wa zambarau na utahangaika kwenye Lightroom mpaka asubuhi. Mimi nikifika ukumbi wa namna hiyo sidundishi chochote, naweka flashi ya pili kwenye stendi pembeni ya spika, juu ya vichwa vya watu, naielekeza meza kuu naiwasha kwa redio kutoka kwenye ile iliyo juu ya kamera. Na uzuri wa Godox, hata kesho ukihamia Nikon au Sony, hiyohiyo ya Canon inaendelea kufanya kazi kama flashi ya mbali, unanunua tu triga, kile kifaa cha juu ya kamera cha kuiwasha kwa redio.

Lingine dogo, shela jeupe linaidanganya kamera. Kamera inaona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, shela linakuwa la kijivu na sura ya mtu mweusi inapotelea gizani. Ongeza kufidia mwanga kidogo, robo tatu hivi mpaka moja, uangalie histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera. Na piga RAW, faili lisilobanwa linalokubali kurekebishwa sana, kadi siku hizi si ghali.

Mkorosho_Mpya
Babu shikamoo, nimesoma mara mbili. Flashi ninayo moja ya zamani ila haidundi, kichwa chake hakigeuki, ndo maana sikuitaja. Kwa hiyo unasema nibaki na 700D ninunue lenzi na flashi tu?

Babu_wa_Lenzi
Marahaba. Sijasema hivyo. Anza na lenzi na flashi, hela itakayobaki ndo tafuta bodi ya fulu fremu iliyotumika. 6D ni ya 2012 lakini usiku bado inatisha, pointi yake ya katikati inashika fokasi kwenye giza la -3EV, hiyo ni giza la kuuliza "wewe nani". Ina WiFi, unarusha picha kwenye simu palepale, siku hizi shangazi mtu anataka picha za status kabla keki haijakatwa. 700D inabaki begani na ile 50mm. Megapikseli 20 zinatoa A3 safi kabisa, hiyo ya sebuleni usiwe na hofu nayo.

Dada_wa_Newala
Kaka zangu samahanini naingilia. 6D kwa harusi mimi siikubali, na sababu ni moja tu, ina sloti moja ya kadi. Kadi ikifa usiku wa harusi utaenda kuwaambia nini wale watu, warudie ndoa? Babu na heshima zangu zote, hapo hapana. Pointi za fokasi zenyewe ni 11, na ya maana ni hiyo moja ya katikati, ukitaka bibi harusi akae pembeni ya fremu unashika fokasi halafu unahamisha kamera, kwa f/1.8 ukihama kidogo tu macho yameshatoka kwenye fokasi. Kama anabaki Canon achukue 5D Mark III, sloti mbili, pointi 61. Kama yuko tayari kuanza upya D750 ni nzuri tu, ila hapo ile 50mm anaiacha na 700D haiwi tena bekapu ya maana, lenzi haziingiliani.

Halafu mnaongelea ukumbi tu, ukumbi ndo mwisho wa siku. Siku inaanzia chumbani bibi harusi anapovalishwa, chumba kidogo, dirisha moja, ndani kuna mpambaji, kungwi, mashangazi, masanduku na feni. Hapo 50mm kwenye 700D utapiga pua tu. Ile 24 ya kwenye 24-70 ukiwa na fulu fremu ndo inakuokoa, unajibana ukutani pembeni ya dirisha, mwambie bibi harusi ageukie dirishani, taa ya njano ya juu zima kabisa isichanganye rangi, flashi weka kwenye begi. Picha zangu wanazozipenda wateja karibu zote zinatoka hapo na sio ukumbini kwenye mataa. Na kaka yangu ujue humo ndani mara nyingi hutaruhusiwa kuingia wewe, kwenye kitchen party ndo kabisa, tafuta dada umfundishe mfanye kazi wawili, huku kwetu ni soko lipo linalala. Unyago pia wananiita, lakini mambo ya ndani hayapigwi picha na wala siombi, napiga siku mwali anatolewa nje, watu wamekaa chini ya mwembe, ngoma inapigwa vumbi linaruka, na pale usithubutu kubadilisha lenzi, ndo umuhimu wa kubeba bodi mbili.

Msikitini pia, nikaha ni sehemu ya utulivu, shata ya klak klak sheikh anakutazama. 5D Mark III na 6D zote zina shata ya kimyakimya, inasikika kidogo sana.

Sony_Damudamu
Dada ya Sony haisikiki kabisaaa, sifuri.

Dada_wa_Newala
Haisikiki kweli, lakini ipige chini ya taa za LED zinazopepesa uone mistari mistari ilivyolala kwenye picha. Shata ile ya elektroni inasoma sensa polepole. Mchana karibu na dirisha sawa, nakukubalia.

Babu_wa_Lenzi
Hapo kwenye sloti mbili mjukuu wangu kanishinda, sina la kusema. Ila mwambieni ukweli kamili: 5D Mark III sloti moja ni CF na nyingine SD, hiyo ya SD ni ya kizamani haina UHS (ile kasi ya kadi za siku hizi), ukiandika RAW pande zote mbili ukapiga mfululizo inajaa inakusimamisha. Andika RAW kwenye CF na JPEG kwenye SD, inapumua. WiFi pia haina, za kurusha kwa simu itabidi ubebe kisoma kadi. Na hizo taa za LED hata kwa shata ya kawaida zinasumbua, umeme wetu ni 50Hz kwa hiyo nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kaa kwenye shata ya 1/100 au 1/50 ya sekunde rangi hazitarukaruka sana.

Kijana_wa_Kariakoo
Mimi nipo Dar nauza na kununua vifaa, sitaji duka. Mleta mada usitume hela kwa mtu usiyemjua eti akuwekee mzigo kwenye basi, panda mwenyewe au mtume ndugu anayeelewa. Ukifika funga lenzi mpaka f/16, piga anga au ukuta mweupe uangalie kwenye kompyuta, madoa meusi yakiwa mengi ni vumbi la sensa, linasafishika ila itumie kushusha bei. Lenzi iangalie kwa tochi ya simu, mulika kutoka nyuma utazame mbele, ukiona nyuzinyuzi nyeupe zimetambaa ndani ni fangasi, iache hata akikupa kwa laki. Shata ya 5D Mark III imepimwa kwa picha 150,000 hivi, 6D 100,000, zinaweza kuzidi au zisifike. Nikon idadi ya picha zilizopigwa unaisoma kwenye taarifa za picha yenyewe, Canon nyingi lazima uunge kwa waya na programu, muuzaji akikataa usiunge mwambie asante. Na hiyo "nipe hela yote nakuongezea betri", mtu anayeuza halali haongei hivyo.

Nahodha_Mikindani
Fangasi uliotaja ndo adui namba moja huku pwani. Unatoka chumba chenye AC unaenda kupigia maharusi ufukweni, lenzi inakuwa ukungu mtupu mbele na ndani, watu wanaifuta na kanga wanaichubua. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto, kama nusu saa, au zima AC mapema. Begi weka vile vipakti vya kukausha unyevu, vikilowa badilisha, na kamera isilale kabatini mwezi mzima bila kutolewa. Ukitoka Msimbati futa chumvi siku hiyohiyo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo halafu kikavu.

Na nyie wa mjini mnaotaka picha za jua linazama baharini, bahari yetu ipo mashariki, jua linazama nyuma ya minazi. Ukitaka bahari nyuma ya maharusi, jioni jua linawapiga usoni, kwa hiyo subiri saa kumi na moja na kitu likiwa limelainika, saa tisa wote watafumba macho.

Mkorosho_Mpya
Wakuu mmenimaliza. Jamaa wa Sony nimemwambia bado nafikiria, kashusha laki tano palepale bila kuombwa, nikajua Kijana_wa_Kariakoo hajakosea. Nakwenda Dar mwenyewe wiki ijayo: 5D Mark III, Tamron 24-70, TT685 moja kwanza, ya pili mpaka nilipwe kazi za Masasi. Dada mdogo wangu anamaliza form six namfundisha hiyo 700D, chumbani na kitchen party zake. Swali la mwisho, kadi za CF huku nimeulizia maduka matatu wananionyesha za SD. Ninunue ngapi hukohuko?

Babu_wa_Lenzi
Mbili za 32 zinatosha, kubwa moja usinunue. Na kisoma kadi chake, hicho ndo watu wanasahau mpaka wameshapanda basi wako Nangurukuru.

Dada_wa_Newala
Na betri za ziada LP-E6, za 700D ni LP-E8 haziingii humo. Huyo mdogo wako akiwa tayari nitafute, ikifika mwezi wa kumi na moja nina kazi zinanizidi.