Kaptula ya pedi, helmeti na cheni ya kutu: elfu kumi yangu ianzie wapi?

kiembeni_mjini

Salaam aleikum wadau. Mimi natoka Kiembeni naingia kazini Shimanzi kwa baiskeli karibu kila siku, nateremka Bamburi, Nyali, navuka daraja ndio huyo. Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, fremu ya chuma, gia nane nyuma, sina malalamiko nayo. Nilianza na suruali ya kazi na fulana ya pamba basi, lakini sasa huu mchezo umeniingia, wikendi natoka na vijana tunapita Mtwapa twaelekea Kikambala huko, na mwili umeanza kukataa. Makalio yaniuma hadi nikifika ofisini nakaa upande upande kama mtoto aliyedungwa sindano. Fulana ikishashika jasho ndio hivo tena, yabaki imenata mgongoni mpaka saa nne. Na cheni ndio balaa, naipaka mafuta Jumapili, ikifika katikati ya wiki ishageuka rangi ya chungwa.

Nimeweka elfu kumi pembeni. Vijana wa wikendi waniambia nianze na jezi na ile kaptula ya kubana yenye pedi ya kukalia ili nifanane nao, jirani asema ninunue kile kifuniko cha siti cha jeli, na mke wangu auliza hizo nguo zafuliwaje maana yeye kila kitu cheupe ni jiki. Nianzie wapi?

fundi_majengo

Waaleikum salaam ndugu. Mimi nguo wataniongelea wengine, wacha nikujibu cheni kwanza kwa sababu hiyo ndio yakula pesa kimya kimya.

Swali langu ni moja, baiskeli waiosha na maji gani? Watu wengi hapa wasema ni upepo wa bahari, na kweli upepo una chumvi, haswa ukikaa upande wa Nyali na Bamburi wakati wa kusi. Lakini naletewa baiskeli za watu wa Changamwe na Mikindani wasiokaa ufukweni na cheni ni nyekundu vilevile. Ukimuuliza akwambia mimi naiosha kila Jumamosi fundi, tena kwa kar wosh. Sasa kar wosh nyingi hapa zatumia maji ya kisima, na kisima cha Mombasa wakijua, ukionja tu wajua. Kwa hivo yule mtu aipaka baiskeli chumvi kila Jumamosi na alipia. Juu ya hapo ile mashine ya presha yasukuma maji ndani ya beringi, grisi yatoka, ukija kusikia kru kru kru kwenye pedeli ishaisha hiyo.

Osha na maji matamu, nusu ndoo yatosha, usipoteze mtungi mzima. Kitambaa, sabuni ya vyombo kidogo, mswaki wa zamani wa cheni. Kausha kwa kitambaa palepale, usiiache ikauke yenyewe. Halafu mafuta: tone moja kwa kila kiungo, upande wa ndani wa cheni, zungusha pedeli kinyume, iache dakika kumi hivi ndio yaingie, kisha FUTA nje yote mpaka kitambaa kisiwe na kitu. Hapo kwa kufuta ndipo watu waharibu, wao wapenda kuona cheni imelowa yang'aa. Mafuta yanafanya kazi ndani ya pini, ya nje kazi yake ni kukusanya mchanga tu, na mchanga na mafuta vikichanganyika hiyo ni tupa, inasaga meno.

Na tafadhali WD-40 sio mafuta ya cheni. Ile ya kawaida yafukuza maji na kulegeza kutu, nzuri kwa hiyo kazi, lakini yakauka haraka na kukuachia cheni tupu. Ukiitumia kusafishia sawa, baadaye weka mafuta yenyewe ya cheni. Huku kwetu chukua yale mazito ya mvua, yale mepesi ya vumbi hayakai na hii hewa, ingawa yale mazito yataka kufutwa kila mara. Oili ya gari iliyokwisha tumika wala usiilete karibu.

Kabla hujanunua chochote pima cheni kama bado ni nzima. Chukua rula ya shule upande wa inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, uhesabu pini 24 mbele. Ya 24 yatakiwa ikae inchi 12 sawasawa. Ikipita kistari cha moja ya kumi na sita anza kutafuta cheni nyengine, ikipita moja ya nane ujue hata friwili, yale meno ya gia ya nyuma, ishakwenda nayo, ukifunga cheni mpya peke yake itaruka meno.

mikate_ya_alfajiri

Mimi nauza mikate, naamka kabla ya adhana, baiskeli ya Black Mamba, kreti nyuma, kutoka Mwembe Tayari kuzunguka hadi Tudor na Kizingo, miaka na miaka. Navaa kaptula ya kawaida na fulana. Sijawahi kuvaa pedi wala jezi ya kubana kama mcheza ngoma. Elfu kumi ya nguo?? Hiyo ni tairi mbili, tyubu na faida juu.

Mwanangu makalio yakuuma kwa sababu siti iko chini. Nawaona nyinyi vijana magoti yagonga kidevu. Ukikaa chini uzito wote wabaki kwenye siti, ukiinua siti, miguu yabeba sehemu yake. Weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Fanya hivo kwanza, ni bure.

binti_tudor

😂😂 mzee wangu wa mikate heshima yako, na la siti nakubaliana na wewe mia kwa mia, tena kile kifuniko cha jeli ndugu kiembeni usinunue, ukikaa kwenye kitu laini sana ile mifupa miwili ya makalio yazama na uzito waenda kwenye nyama za katikati ambazo hazikuumbwa kukaliwa, baada ya nusu saa ndio ganzi. Siti ngumu kiasi yenye upana wa mifupa yako ni bora. Lakini Black Mamba mzee wakaa wima na siti yako ina springi, huyu ameinama mbele, mambo mawili tofauti, na safari ya Kikambala kurudi si mchezo wa kusimama kila nyumba kuuza mkate.

Kwa hivo mimi nasema kaptula ya pedi kwanza, kabla ya jezi, na ukiweza mbili za bei ya kati kuliko moja ya bei kali. Sababu ni hii hewa yetu, wakati wa masika pedi haikauki kwa siku moja, na ukivaa pedi yenye unyevu siku ya pili wajitafutia vipele na fangasi. Dukani ifinye pedi kwa vidole, isiwe sponji yazama mpaka vidole vigusane. Ivute kitambaa uangalie kwenye mwanga, kikionyesha mkono wako hapo nyuma usinunue hata kama ni nyeusi, maana ukiinama ndio watu wa nyuma watajua siri zako. Ikae imekubana bila kukukata, ikilegea itakunja na kukuchuna.

Na wengi hawaambiwi: NDANI YAKE HAKUVALIWI CHUPI. Ile pedi yatakiwa ishike ngozi moja kwa moja, mishono ya chupi ndio yakuchubua. Ukiona haya ya kubana (mimi niko nayo haya hiyo) vaa bukta pana au suruali nyepesi juu, hakuna sheria.

Kufua: mwambie shemeji jiki HAPANA. Ile lastiki ndani ya kitambaa, elastini, dawa ya klorini yaikata, mara tatu nne hivi kaptula ishakuwa kanga. Ile dawa ya kulainisha nguo pia hapana, yaziba kitambaa kisinyonye jasho. Geuza ndani nje, maji matamu ya baridi, sabuni ya kawaida kidogo, suuza mpaka sabuni iishe yote maana sabuni iliyobaki kwenye pedi yawasha. Usiikamue kwa kuisokota, ikunje kwenye taulo uikanyage. Anika kivulini penye upepo, pedi ikiangalia nje. Jua la saa saba juu ya bati ndio adui namba mbili baada ya jiki. Na siku ile ile mwanangu, usiiache kwenye begi mpaka kesho, hata suuza tu bafuni ukifika.

Jezi baadaye. Fulana yoyote ya mpira wa miguu ya polista kutoka mitumba ya Kongowea itakutosha kwa sasa, jasho lapita likauke. Pamba ndio yakutesa. Ukipata yenye mikono mirefu myepesi bora zaidi kwa jua letu. Na koti la mvua usipoteze pesa, mvua ya hapa ni ya joto, ukilivaa utalowa ndani kwa jasho kuliko ungelowa nje.

Dada zangu mnaosoma kimya kimya nanyi: taiti ndefu yenye pedi, juu kanzu fupi ya magotini au sketi nyepesi, baibui refu na gurudumu la nyuma havipatani. Mtandio wa kitambaa cha jezi, mwembamba, bila kifundo kisogoni wala pini, ndio helmeti ikae sawa. Na tafuta kinga ya cheni ile ya bati.

kiembeni_mjini

Mashallah mmenifungua macho. Fundi kweli naosha kar wosh 🙈 na rula nimepima, imepita kile kistari kidogo lakini haijafika moja ya nane.

Mzee wa mikate nimetaka kuinua siti leo hii hii, nimelegeza nati yote, kile chuma cha siti hakitoki wala hakizunguki. Nimening'inia hapo hadi jirani akacheka. Pia helmeti hamjaisema, nimeona moja Kongowea nzuri tu ya mtumba, nichukue? Na michubuko mtu apaka nini, mafuta ya mgando?

likoni_asubuhi

Helmeti ya mtumba wacha kabisa ndugu. Lile povu la ndani limetengenezwa kupasuka mara moja, likishapigwa kazi yake imeisha, na ufa waweza kuwa chini ya plastiki huuoni. Hujui aliyeivaa alianguka wapi. Nunua mpya ya bei ya chini kuliko mtumba ya jina kubwa. Angalia kibandiko cha ndani, iwe imeandikwa EN 1078 ambayo ni ya Ulaya au CPSC ya Marekani. Pale ndani huwa pana na tarehe ilipotengenezwa.

Ikae vidole viwili juu ya nyusi, sio kisogoni kama kofia ya harusi. Kamba zikutane chini ya sikio, na chini ya kidevu pawe na nafasi ya kidole kimoja viwili. Tikisa kichwa, ikicheza rudisha. Kuisafisha ni maji na sabuni ya mkono tu. Thina, petroli, rangi ya kupulizia, vyote vyaweza kula lile povu bila wewe kuona. Zile sponji za ndani zatoka, zifue, zikiachwa na jasho zanuka vibaya mno.

Mimi navuka feri kila asubuhi, nawaona watu kwenye ule mteremko wateremka kwa kasi bila kofia katikati ya umati na mikokoteni, roho yaniruka.

binti_tudor

Michubuko: mafuta ya mgando yafanya kazi lakini hayatoki kwenye pedi, utafua mpaka uchoke. Mimi napaka mafuta ya nazi kidogo kwenye ngozi sio kwenye nguo, ukipata krimu yenyewe ya waendesha baiskeli ni bora. Ukishakuwa na kidonda wazi pumzika, usipake kitu uendelee kuendesha juu yake.

mikate_ya_alfajiri

Haya dada nimekusikia. Hiyo ya kutovaa chupi lakini... 😅

fundi_majengo

Kiembeni usining'inie hapo tena utaikunja. Hiyo fremu ni chuma na kile cha siti bila shaka ni aluminiamu. Madini mawili tofauti yakikaa pamoja na maji ya chumvi katikati yalana, yaota unga mweupe yakashikana. Hapa sasa ndio kazi ya WD-40 au mafuta yoyote ya kulegeza kutu: toa nati yote, pulizia pale chuma kinapoingilia kwenye fremu, lala nayo usiku mzima, pulizia tena asubuhi. Halafu shika siti yenyewe uizungushe kushoto kulia, usivute juu kwanza, ikianza kuzunguka ndio uvute. Ikikataa kabisa mpelekee fundi mwenye jiliwa la kubania, usiipige nyundo.

Ikitoka, futa ule unga wote na msasa laini, paka grisi kila mahali ndani, kisha rudisha. Na uwe waitoa kila baada ya miezi michache, waifuta, wapaka upya.

Ukiwa na hiyo grisi mkononi fungua na pedeli ufanye vilevile kwenye nyuzi zake, nazo hushikana. Ya kulia yafunguka kama kawaida, ya kushoto yafunguka kinyume, kuzungusha upande wa saa. Wengi waivunja hapo.

kiembeni_mjini

Kumbe! Mwaka jana kuna fundi mmoja alinipigia ile ya kushoto nyundo akasema imeungana. Basi hesabu yangu ni helmeti mpya, kaptula mbili za bei ya kati, cheni ya gia nane na chupa ya mafuta mazito, jezi ingoje. Nimeshapulizia chuma cha siti, nitawaambia kesho kama kimezunguka.

mikate_ya_alfajiri

Ukishainua pima kwa kisigino, na funga hiyo nati vizuri. Usije ukashuka nayo pale darajani.