Tupeane uzoefu: kulea mbwa wa kuokolewa kwa muda, siku 14 za mwanzo

Mlezi_Usa
Wakuu, vikundi vingi vya kuokoa mbwa huku kwetu havina mabanda ya kutosha. Mbwa koko akiokotwa anapelekwa kwa mtu wa kujitolea, analelewa wiki kadhaa, ndipo anatafutiwa mwenyewe wa kudumu. Kazi huharibika siku 14 za mwanzo: mbwa katoroka, kafa kwa kuharisha, au kawaambukiza aliowakuta. Habari za "mbwa wangu ana akili kama mtu" tuziweke kando, tuandike vipimo.

Naanza na kumpokea. Kabla hajashuka garini, uliza kadi ya chanjo iko wapi, dawa ya minyoo kapewa lini na ipi, na nani analipa daktari akizidiwa saa nane usiku. Hilo la mwisho watu huona aibu kuuliza, kisha linavunja urafiki. Lijibiwe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha.

Sindano
Kwa watoto wa mbwa adui ni parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha na kutapika. Dalili hutokea siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, mara nyingine hadi 14, kwa hiyo mtoto anayerukaruka leo anaweza kuwa tayari anao ugonjwa. Mtenge wiki mbili: chumba chake, vyombo vyake, ndala zako za humo tu. Wenye chanjo wahudumie kwanza, mgeni awe wa mwisho.

Jiki: nusu lita kwenye ndoo ya maji ya lita 10, sakafu ikae mbichi dakika 10. Kinyesi na uchafu ondoa kwanza kwa sabuni, maana uchafu unaua nguvu ya jiki. Changanya mpya kila siku. Uwanja wa udongo hausafishiki hivyo. Virusi hukaa ardhini miezi mingi. Palipougua parvo usilete mtoto asiye na chanjo hadi mwaka upite.

Chanjo ya mseto (sindano moja ya magonjwa kadhaa, parvo ikiwemo) inaanza akiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa ni kuanzia wiki 12. Na tusidanganyane: kutenga wiki mbili hakumsafishi mbwa na kichaa, kinaweza kujificha miezi. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Kamba_Mbili
Kutoroka. Ukuta wa futi nne kwa mbwa wa barabarani ni ngazi tu. Lakini wengi hutorokea getini au wakiwa kwenye kamba. Angalia anavyofanya: anaogopa bodaboda, anarudi kinyumenyume, anainamisha kichwa, kola inapita masikioni, kaenda. Ndiyo maana wiki za mwanzo tunafunga kamba mbili, moja kwenye kola, nyingine kwenye mkanda wa kifuani. Kola iingize vidole viwili, si vinne.

Siku tatu za kwanza stoo yenye dirisha inatosha. Wageni wasije kumpiga picha. Kaa chini, mpe ubavu, usimtazame machoni. Mnyororo usitumie, unamfundisha kung'aka.

Akishatoroka msimkimbize mtaa mzima! Weka chakula na tambara lake pale alipoonekana mwisho, rudi alfajiri mtu mmoja.

Jiko_la_Mbwa
Mbwa aliyekonda mifupa nje, huruma ya sufuria zima la ugali inaweza kumuua. Mwili uliozoea njaa ukipata wanga mwingi ghafla, madini ya damu yanashuka na moyo unayumba. Kwa mbwa wa kilo 12, lengo la kuanzia ni kama gramu 300 kwa siku za wali na kuku wa kuchemsha, nusu kwa nusu. Siku ya kwanza robo yake tu, gramu 75, igawe mara nne: kila mlo kijiko kimoja cha chakula kilichojaa. Ya pili nusu, ya tatu robo tatu, ya nne zote. Akiharisha, rudi hatua moja nyuma. Akizoea ndipo unaongeza mpaka anenepe.

Dagaa loweka, chemsha, mwaga maji, yana mchanga na chumvi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha.

Mgeni_Tabata
Kupe ni wengi mno. Dawa ya kuogeshea ng'ombe vipi?

Sindano
@Mgeni_Tabata shida ni watu kupima kwa kifuniko. Ikizidi, mbwa analegea na moyo unapungua kasi. Watoto ndiyo usiwaguse nayo kabisa. Kidonge cha kutafuna cha mwezi au cha miezi mitatu ni ghali, ila unajua umempa nini, mradi apimwe uzito. Na banda je? Kupe jike akishiba anadondoka, anataga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Ziba nyufa, la sivyo unaogesha mbwa bure. Ukiona dalili za magonjwa ya kupe, yaani fizi nyeupe, homa, mkojo wa rangi ya chai au damu puani: daktari leo.

Pwani_Tanga
Huku kwetu kabla ya ukuta tunaangalia jirani. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi waarifu kabla mbwa hajafika, asifike kisimani wala penye kamba ya nguo, na bakuli lake lisioshwe kwenye bomba la wote. Waislamu wanaolea wapo: banda nje, nguo maalumu za bandani.

Mlezi_Usa
Jike niliyepokea anadondosha damu. Nisubiri joto (kipindi cha kutaka dume) liishe ndipo afungwe uzazi?

Sindano
Joto huisha ndani ya wiki 3 hivi. Damu ikiendelea, au ukiona kinyama kama koliflawa sehemu za siri, huo ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, kwa mbwa koko ni kawaida, hata madume wanao. Sindano ya vinkristini (dawa kali ya saratani) kila wiki, wengi hupona kwa sindano 4 hadi 6. Vaa glavu, mkojo wake usiuguse. Asikabidhiwe kwa mwenyewe mpya kabla dozi haijaisha.